Mikono ya Hosiana na Karafuu za Mama Mkwe

Chanika, Handeni
Jumamosi, 13 Septemba 2025

Dada yangu mpendwa Mwaija,

Shikamoo. Najua umeshaniitikia kwa kiganja kifuani kabla macho yako hayajafika mstari huu, nami nimeipokea marahaba yako huku Handeni kwa mikono miwili. Hujambo? Kile kifua kilichokusumbua kwenye baridi ya Julai kimetulia? Na mama, goti linamruhusu kupanda hadi shamba la juu, au bado anachechemea huku anasema hana kitu? Cherehani je? Ule mkanda uliouunga kwa kipande cha mpira bado unavumilia? Mimi ni mzima, tena mzima wa kupitiliza. Lile gauni la harusi ulilonishonea nililijaribu juzi mbele ya kioo, kwa raha zangu tu, zipu ikagoma katikati. Wiki sita za ndoa, dada, na tayari nimekuwa mama mtu mzima!

Utajiuliza kwa nini nimekuandikia barua wakati simu zipo. Meseji yako ya wiki iliyopita niliipata, ile uliyoniuliza, "Mbona mama mkwe wako ananitumia karafuu? Hii ni mara ya pili. Mimi si mpishi wa pilau." Niliisoma nikacheka, halafu kicheko kikanikwama. Jibu la swali hilo haliingii kwenye meseji, na kwa video mtandao wa huko kwenu Mpale unaganda mkono hewani. Tena ninaona haya kukueleza nikikutazama usoni. Nitakujibu humu humu, ila niache kwanza nifike kwa njia yangu. Nina kosa la kukiri kwako, na lazima ujue lilivyofichuka.

Nianze na yaliyo matamu. Dada, Sufiani ananipenda! Akitoka sokoni hakosi kitu mfukoni, leo ubuyu, kesho kibanio cha nywele. Juzi maji yalikatika, akaenda mwenyewe kisimani na madumu mawili kwenye baiskeli, wanaume wa kijiweni wakamuuliza kama amelishwa limbwata. Akawajibu kwamba amelishwa, na anaomba aongezewe. Niliposimuliwa nilijifunika khanga usoni kama mwari. Sikujua kwamba mtu anaweza kuamka asubuhi akafurahi kwa sababu tu ya kusikia mtu mwingine anapiga mswaki uani.

Kazi yake unaijua kidogo, lakini sijawahi kukueleza vizuri. Ana banda la video nyuma ya stendi, lenye mabenchi kumi na mawili, kitambaa cheupe ukutani, projekta na spika mbili kubwa. Filamu zikiwa za Kihindi au za Kichina, yeye hukaa pembeni na maiki akazisemea kwa Kiswahili. Anakuwa baba mtu, mama mtu, jambazi na polisi. Watu hutoka hadi Mkata kuja kumsikiliza. Na ukweli nitakwambia wewe tu: Kihindi hakijui. Anaangalia sura ya mtu, anakisia, anasema, na watu wanalia au wanacheka pale pale anapotaka.

Jambo jingine zuri la banda lake ni maoni. Filamu ikiisha, hakuna kutawanyika. Maiki inazunguka kwenye mabenchi na kila mwenye neno anasema alichokiona. Wengine huja kwa ajili ya maoni kuliko filamu. Mama mkwe wangu, Bi Maryamu, haikosi Jumapili alasiri. Benchi la mbele kushoto ni lake, na mtu akilikalia kwa bahati mbaya anaondolewa kwa kukohoa.

Basi Jumapili iliyopita Sufiani alipata filamu mpya kutoka Tanga, kwenye flashi. Aliandika kwa chaki kwenye ubao wa nje: MAISHA YA HOSIANA, MCHORAJI KIZIWI WA BUNGU. Nilikuwa nimeshika ndoo, nikaiweka chini. Kiziwi! Tena wa Bungu, milima yetu ile ile unayoiona ukifungua dirisha. Moyo ulinienda mbio nusu kwa furaha na nusu kwa hofu, na hofu hiyo utaielewa mbele.

Banda lilijaa hadi watu wakakalia ndoo. Sufiani akaivuta picha kwa rimoti mpaka ikajaa kitambaa chote, maana wateja wake wanapenda watu wakubwa, kisha akaanza. Dada, ningetamani uwe ubavuni pangu! Hosiana tunamwona akiwa msichana, anachora kwa mkaa kwenye kuta za jikoni, anachapwa, anachora tena. Anachora kwenye magunia ya maharage, kwenye maboksi, kwenye mlango wa choo. Kaka yake anachukua michoro anaiuza mjini kwa jina lake mwenyewe, anavaa suti, na Hosiana anabaki na mkaa wake. Baadaye mwalimu mmoja kijana, Obadia, anagundua ukweli kwa sababu katika kila mchoro kuna jogoo mdogo mwekundu kwenye kona, na jogoo huyo amechorwa pia ukutani kwa kina Hosiana. Nilipiga kelele. Sikujali mtu.

Lakini ndani ya filamu hiyo watu hawasemi sana. Hosiana na mama yake wanazungumza kwa mikono, na kuna mahali wanakaa barazani wanapukuchua mahindi, wanaongea dakika nne au tano bila sauti hata ya kuku. Sufiani hawezi kuacha kimya. Kwake kimya ni spika iliyoharibika. Alipoona Hosiana anapeleka mikono mbio na machozi yanamtoka, akalegeza sauti akawa msichana, akasema, "Mama, nampenda Obadia! Usiponioza kwake nitajitupa bondeni!" Wanawake wakatoa vitambaa. Bernadina muuza maandazi akasema kwa nguvu amwache mwanamume, atafute pesa.

Mimi sikulia, dada. Mimi niliganda. Nilikuwa naisoma ile mikono kama ninavyokusoma wewe. Hosiana hakumtaja Obadia hata mara moja. Alikuwa anamuuliza mama yake, "Wageni wakija, unanipeleka jikoni. Wakiondoka, unanirudisha. Je, mimi ni nani yako wakati wageni wapo?"

Nilitaka kusimama pale pale nikashindwa. Nani hapa Handeni alijua kwamba najua kusoma mikono? Na wakijua, wataniuliza nimejifunza kwa nani. Nikabana midomo, nikamwachia mume wangu aendelee kumtupa Hosiana bondeni. Filamu ilikwisha Hosiana akiwa ameolewa na mwalimu, michoro yake imetundikwa ukumbini na jina lake chini, jogoo mwekundu kwenye kona. Watu walipiga makofi hadi vumbi likashuka kwenye mabati.

Yakaja maoni. Wa kwanza alikuwa Dunstan wa bodaboda, macho mekundu kama pilipili. Alisema filamu ni kali, kasoro yake ni moja, haina hata pikipiki. Bernadina akamuuliza mbona analia. Akadai ni vumbi la barabara ya Korogwe. Akaambiwa barabara ya Korogwe ina lami siku nyingi, atafute vumbi jingine. Bernadina mwenyewe alipopewa maiki alimshughulikia yule kaka mwizi kwa dakika tano nzima, akasema angekuwa wake angemkaanga pamoja na maandazi na asingemgeuza.

Mzee Sadala, ambaye amefanya biashara ya mbuzi minadani maisha yake yote, alisimama taratibu na fimbo yake. Alisema yeye mambo ya mapenzi hayajui, ila kulikuwa na mchoro wenye mbuzi watatu, na yule wa nyuma ana mimba ya wiki chache, haionekani kwa mtu wa kawaida. Yeye aliiona kwa sababu ni kazi yake. Yule binti aliionaje hata akaichora? Kwa hiyo, alisema, mtu anayeona namna hiyo asiitwe mpungufu mbele yake tena. Nilitaka kumbusu mkono mzee yule.

Halafu maiki ikafika kwa mama mkwe. Bi Maryamu hasemi ovyo. Aliishika kwa vidole viwili kama kitu cha moto, akasema filamu imemgusa na yule binti anamhurumia, lakini yeye ni mama wa mtoto wa kiume, lazima aseme ya mama. Angekuwa mama yake Obadia, angemwambia mwanawe afikiri mara mbili. Mke asiyesikia, mtoto mchanga akilia usiku, nani atamsikia? Tena mambo haya huwa yamo kwenye damu, leo ni shangazi, kesho ni mjukuu. Hakusema kwa ubaya, dada. Alisema kwa upole kabisa, na ndiyo maana iliniuma. Wanawake wengi walitikisa vichwa wakasema ni kweli, ni kweli.

Nilimwangalia Sufiani. Alikuwa anatabasamu, anasubiri maiki irudi. Wiki sita, nikajiambia. Wiki sita tamu kama asali ya nyuki wadogo, na nikifungua mdomo huenda zisifike saba. Nikayakumbuka maneno ya Hosiana, "mimi ni nani yako wakati wageni wapo?" Miguu ikasimama yenyewe.

Sikungoja maiki. Nilisema ninaomba radhi kwa mama, lakini swali lake lina jibu, na jibu ni mimi. Niliwaambia kwamba mama yangu mzazi alilazwa hospitali miezi miwili baada ya kunizaa, na aliyebaki na mimi ni dada yangu wa miaka kumi na moja, asiyesikia hata ngurumo ya radi. Nikawaambia alilala ameweka kiganja chake kifuani pangu, kila siku, ili nikilia atikisike kabla jirani hajaamka. Nikawaambia bibi yetu alisikia vizuri kabisa, lakini alikuwa akikoroma, na aliyeamka ni kiziwi. Nikamalizia kwamba dada huyo ndiye aliyenifundisha lugha ya mikono kabla sijajua kusema, na kwa hiyo naomba radhi kwa mume wangu pia, maana Hosiana hakusema atajitupa bondeni. Nikawaeleza alichosema.

Banda likalipuka. Dunstan akapiga mbinja, akasema DJ leo kashikwa na mkewe hadharani, arudishe viingilio. Mwingine akauliza watajuaje mkweli ni nani kati ya bwana na bibi. Sufiani alinitazama, nami sikuweza kuisoma sura yake, mimi ninayejidai kusoma watu. Akachukua rimoti, akairudisha filamu hadi barazani, kisha akaanza kuipunguza picha ili uso wa Hosiana uonekane pamoja na mikono yote miwili. Na dada, chini ya picha yakatokea maandishi! Ya Kiswahili, meupe, safi! Yalikuwapo muda wote. Kumbe ni yeye mwenyewe aliyeyakata alipoivuta picha ijae kitambaa. Bernadina, ambaye hukosi kumkuta na gazeti la kufungia maandazi mkononi, akayasoma kwa sauti neno kwa neno: "Wageni wakija, unanipeleka jikoni."

Kelele zilizopigwa ungezihisi huko Mpale kwa nyayo. Sufiani akaizima maiki, akaiweka juu ya stuli. Hakuna aliyewahi kumwona akifanya hivyo. Akaomba wanaotaka waitazame filamu tangu mwanzo bila yeye. Wakabaki karibu wote.

Ila mama mkwe hakubaki. Alisimama, akajifunga khanga yake vizuri, akaja hadi nilipo. Akaniuliza polepole, "Dada yako huyo ni Mwaija? Mwaija yule wa jino?" Nikaitikia kwa kichwa. Akatoka nje.

Sasa, dada, umefika kwenye karafuu. Kaa chini kama umesimama.

Unakumbuka asubuhi ya harusi nilikufunga ile khanga ya njano kuzunguka shavu na kidevu? Nilikwambia kwa mikono kwamba ni mila ya Handeni, dada wa bibi harusi lazima afungwe hivyo. Nilikudanganya. Hakuna mila hiyo. Kabla ya posa mshenga wao alituuliza, kama ilivyo desturi, iwapo ukoo wetu una maradhi yoyote. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, na kabla mama hajajibu nikamtuma mtoto aseme hakuna, nikamwapia mama kwamba jambo hilo nitalimaliza mwenyewe. Siku ya harusi nikawaambia wakwe kwamba dada yangu anaumwa jino vibaya, shavu limevimba, hawezi kusema wala asisemeshwe, wamwache apumzike. Mama aliponiona nakufunga khanga alinitazama kwa jicho ambalo bado linanichoma, lakini hakutaka kuniharibia siku.

Nawe ulijifunga kwa furaha! Ulikaza fundo mwenyewe ukaniuliza kama limekaa vizuri. Katika picha zote upo ubavuni kwangu na shavu limefungwa, unatabasamu, ukiamini unatimiza heshima ya watu wa Handeni, kumbe mimi nilikuwa nimekuweka jikoni katikati ya ukumbi. Gauni lililosifiwa na wanawake wote wa Chanika lilikuwa la mikono yako, nikasema limeshonwa na fundi wa Korogwe, sikumtaja jina. Bi Maryamu, kwa wema wake, hakulisahau jino. Kila wiki ananiuliza kama limepona, nami nasema bado kidogo, naye mara mbili sasa amefunga karafuu kwenye karatasi akampa kondakta wa basi la Korogwe. Ndizo hizo. Ni dawa ya jino lisilouma.

Nisamehe, dada. Aibu haikuwa yako hata chembe. Ilikuwa yangu, na hofu ya kumkosa Sufiani. Nilimpenda mno hata nikakuuza wewe kidogo. Nimeandika sentensi hiyo nikaifuta mara mbili, kisha nikaona ibaki.

Sufiani alirudi nyumbani jioni ile hakula. Alisema kazi yake ni kuwasemea watu ambao lugha yao haijui, na hilo halimuumizi, lakini mimi lugha yangu anaijua. Kwa nini sikumwambia kwa lugha hiyo? Nililia hadi akanihurumia, akaniletea maji, akasema anayestahili kuombwa radhi yuko Mpale, na niandike.

Mama mkwe hakunisemesha siku tatu. Alikuwa ananiletea mboga, anaiweka kizingitini, anakwenda. Alhamisi akaniita nikamsaidie kupepeta mahindi. Nikajua leo ndiyo leo, narudishwa kwetu. Tulipepeta debe zima. Kisha akaweka ungo chini akasema amekasirika sana, na nisikilize kwa nini. Alikaa na wewe bega kwa bega tangu asubuhi hadi alasiri, mkala sinia moja, ukamsogezea nyama laini kwa kuwa uliona meno yake ni machache, naye hakukusalimia kwa salamu unayoijua wewe. Akasema nimemfanya mtovu wa adabu mbele ya mgeni, katika umri wake. Kuhusu aliyosema bandani hakuomba radhi, dada, siwezi kukudanganya tena. Alisema tu kwamba mdomo wake siku ile ulitangulia, na kwamba neno la kiganja kifuani limemkosesha usingizi. Halafu akaninyooshea mikono yake, ina unga, akaniambia nimwonyeshe mnavyoamkiana kwenu.

Nikamwonyesha. Anasahau kidole gumba, kinabaki kimesimama kama cha dereva wa lori, lakini anajitahidi! Jana asubuhi nilimkuta uani anawapa kuku marahaba.

Dada, Jumapili ya tarehe 28 Sufiani ataionyesha tena filamu ya Hosiana, picha imepunguzwa, maiki imezimwa. Ameandika ubaoni kwamba maoni ya kwanza yatatolewa na mgeni kutoka Mpale, fundi aliyeshona gauni la mke wake, na mimi nitayasoma kutoka mikononi mwake. Usiogope, anafuta ubao nikimwambia afute. Lakini natamani sana asifute. Bi Maryamu amesema benchi lake la mbele linatosha wawili. Kama una hasira nami, njoo nayo. Niambie yote kwa mikono, sitatazama pembeni hata kidogo.

Nisalimie mama, umwambie lile jicho lake nimelipata. Wasalimie majirani wote na mteja yeyote atakayekuwa mlangoni ukisoma barua hii. Sufiani anakuamkia kwa heshima, amenifanya nimwonyeshe mara nne asikosee. Upande wangu ni furaha, na sehemu iliyobaki ya furaha hiyo uko nayo wewe.

Ukija usifunge khanga shavuni. Na zile karafuu usizitupe, zije nawe. Mama mkwe amesema ndizo atakazotia kwenye pilau la siku hiyo.

Mimi mdogo wako uliyemlea kwa kiganja,
Husna